Nyumba kumi na mbili, kisima kimoja: mthamini aone nini?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni katibu wa umoja wa wamiliki, kaya kumi na mbili, huku Goba, Dar es Salaam. Tulichanga tukanunua kiwanja kimoja cha mita za mraba 4,800, tukajenga nyumba ndogo zinazofanana, kila moja mita 92. Nafasi kubwa tukaiacha ya pamoja: ukumbi wa mita 140 wenye jiko, kisima kirefu na matenki yake, bustani ya mboga, uwanja wa watoto na maegesho. Kila mmoja ana hati pacha yake. Wawili kati yetu wameshauza na wageni wamehamia vizuri tu. Mwezi uliopita mwenzetu aliomba mkopo benki. Mthamini alikuja, akakaa kama dakika ishirini, ukumbi akaukuta umefungwa maana mwenye ufunguo alikuwa kazini, akaaga. Ripoti imetoka: nyumba ina thamani ya shilingi milioni 67. Nyumba ya jirani nje ya uzio, ukubwa uleule lakini kiwanja chake ni mita 600, imeuzwa milioni 95. Baadhi ya wenzangu wanasema tumeonewa. Wengine wanasema kuishi kwa pamoja ndiko kumetuponza. Tufanye nini ili atakayekuja safari nyingine aone tulichonacho?

JIBU: Marahaba, katibu. Nakala ya ripoti uliyonitumia nimeisoma mara mbili, na nianze na lisilopendeza: huyo mthamini hakuwaonea kiasi hicho mnachodhani. Aliandika alichokiona, na alichooneshwa kilikuwa kidogo. Ila kosa moja lipo, kubwa, na hilo halihitaji ufunguo wa ukumbi kulikwepa. Lilikuwa ndani ya hati aliyokuwa ameishika mkononi.

Tuzifuate hesabu zake. Amechukua mita 92 za nyumba, akazidisha kwa shilingi 700,000 za ujenzi kwa mita, ikaja milioni 64.4. Akatoa uchakavu wa asilimia 10, ikabaki karibu milioni 58. Kisha akaongeza ardhi: mita 180, yaani sehemu iliyokaliwa na nyumba pamoja na kiua chake cha mbele na nyuma, kwa shilingi 50,000 kila mita. Hiyo ni milioni 9. Jumla 67. Hesabu yenyewe ni safi. Sasa chukua kikokotoo uzidishe mita 180 kwa nyumba kumi na mbili. Unapata mita 2,160. Kiwanja chenu ni mita 4,800. Mita 2,640 zilizobaki ni za nani?

Kwa ripoti ile, hazina mwenyewe. Akija mwingine akathamini nyumba ya pili hadi ya kumi na mbili kwa mtindo huohuo, zaidi ya nusu ya kiwanja chenu itakuwa haimo katika ripoti hata moja, pamoja na ukumbi uliosimama juu yake na kisima kilichochimbwa ndani yake.

Hapo ndipo hati pacha inapopaswa kusomwa hadi ukurasa wa mwisho. Tangu Sheria ya hati pacha (Unit Titles Act) ya mwaka 2008, Na. 16, mwenye hati ya namna hiyo ana vitu viwili vilivyofungwa kamba moja: sehemu yake binafsi, na fungu lake katika eneo la pamoja. Huwezi kuuza nyumba ukabaki na fungu la kisima, wala kuuza fungu la ukumbi ukabaki na nyumba. Anayenunua mlango wako amenunua na fungu hilo, apende asipende. Kwa hiyo mthamini anayeacha fungu nje asidhani amekuwa mwangalifu. Amethamini kitu ambacho hakipo sokoni: nyumba iliyokatwa kutoka kwenye mali yake.

Tuujaze upungufu huo kwa viwango vyake mwenyewe, asije akasema tumemletea vyetu. Fungu lenu ni moja ya kumi na mbili, kwa kuwa nyumba zinafanana. Ardhi ya pamoja mita 2,640, kila nyumba inapata mita 220, sawa na milioni 11. Ukumbi umesema ni mita 140. Kwa 700,000 ni milioni 98, toa asilimia 10 ibaki 88.2, gawa kwa kumi na mbili: milioni 7.35. Kisima, pampu, mnara na matenki, ukiniambia viligharimu milioni 30 na leo vimechakaa vimebaki na 24, fungu la kila nyumba ni milioni 2. Ukijumlisha unapata milioni 20.35. Nyumba ya milioni 67 sasa inasogea milioni 87 na ushee.

Usikimbilie kuwasomea wenzako hiyo 87. Huko ndiko nilikoona vikundi vingi vikijikwaa. Hiyo ni gharama, na gharama si thamani. Mtu anaweza kujenga bwawa la kuogelea la milioni 60 mahali ambapo maji ya kunywa yananunuliwa kwa madumu. Mnunuzi akija atauliza litafukiwa kwa shilingi ngapi. Ukumbi wenu nao uko hivyohivyo. Kwa familia yenye watoto na shughuli nyingi ni mali. Kwa kijana asiyekuwa na mke wala mjomba, ni jengo analochangia rangi. Ardhi ya pamoja ndiyo zaidi: nyumba yenu ina fungu la mita 220, lakini hakuna ruhusa ya kuweka hapo hata banda la kuku bila kikao. Mita ya ardhi usiyoweza kujengea wala kuuza peke yake haitolewi bei sawa na mita ya jirani anayeamka asubuhi akaamua kujenga fremu za maduka. Mthamini akiipunguza, msimshike shati. Akiifanya sifuri, mshikeni.

Kwa hesabu hiyohiyo, lile pengo la milioni 28 kati yenu na jirani linaanza kueleweka. Jirani ana mita 600, zote zake. Nyinyi, hata tukihesabu binafsi na ya pamoja, mna mita 400 kwa kila nyumba. Kwa kiwango cha 50,000, tofauti ya mita 200 pekee ni milioni 10. Kwa hiyo nyumba yenu kuwa chini ya 95 si dhuluma. Dhuluma ni kuwa 67.

Swali la kweli, basi, ni hili: mtu wa mtaani analipa kiasi gani cha ziada, kwa fedha yake, ili aishi ndani ya uzio wenu? Hilo ndilo mthamini anatakiwa kulijibu, na gharama za ukumbi haziwezi kumjibia. Kwetu hapa tunapenda njia ya gharama kwa sababu mauzo ya wazi ni machache na rekodi zake ni tabu kupatikana. Unapima, unazidisha, unatoa uchakavu, unaongeza ardhi, unaenda kula. Kwa nyumba inayojitegemea njia hiyo haikupotezi sana. Kwa nyumba ya uzio mmoja inakupoteza mara mbili: usipohesabu cha pamoja unapunja, ukikihesabu chote kwa gharama unazidisha.

Mashahidi wazuri mnao, na ajabu hamkuwaita. Wale wawili waliouza! Mauzo mawili ndani ya uzio uleule, nyumba ileile, fungu lilelile. Hakuna ulinganisho bora kuliko huo, hata ungezunguka Goba nzima na Mbezi yake. Lakini hapa nikuulize jambo kwa sauti ya chini. Bei iliyoandikwa kwenye mikataba yao ndiyo iliyolipwa? Sote tunajua mchezo wa mjini: mkatabani milioni 60 ili kodi ya serikali iwe nyepesi, mfukoni milioni 85. Siku ya mauzo pande zote mbili huona zimecheza vizuri. Miaka mitatu baadaye jirani yao anaomba mkopo, mthamini anafungua mafaili, anakuta 60, naye hana ruhusa ya kuandika bei aliyosikia kwa dalali. Kama mikataba yenu ina bei ya kweli, iwekeni mbele kabisa. Kama haina, msiiweke, wala msimwombe mthamini aizungumzie pembeni. Iteni kodi ya pango ije kutoa ushahidi.

Naam, kodi ya pango. Watu hudanganya bei za kuuzia, lakini mpangaji anayelipa kwa miezi sita sita hana sababu ya kudanganya. Tuseme mmoja wenu amepangisha kwa shilingi 500,000 kwa mwezi, na nyumba ya namna hiyohiyo yenye kiua kidogo nje ya uzio inapangishwa 400,000. Laki moja zaidi. Usishangilie bado, kwanza uliza nani analipa mchango wa mwezi wa umoja. Ikiwa mwenye nyumba anautoa ndani ya kodi, na mchango ni 60,000, basi kilichobaki kwake ni 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Mthamini akiona kwamba nyumba za eneo hilo zinarudisha kama asilimia 8 kwa mwaka, atagawa 480,000 kwa 0.08 na kupata milioni 6. Hiyo ndiyo bei ambayo soko limeupa uzio wenu na vilivyomo. Kwa gharama, ukumbi na kisima peke yake vilitoa 9.35. Kati ya 6 na 9 ndipo mtu mwenye uzoefu anapofanya uamuzi na kueleza kwa nini. Namba hizi za kodi nimezitunga ili uone njia. Nyinyi mtaweka zenu.

Umeona mchango wa mwezi ulivyokata faida? Wamiliki hupenda kuuonesha ukumbi na kuuficha mchango. Mfanye kinyume. Mchango usioelezwa humtia mthamini hofu; unaoelezwa unaweza kuwa sifa. Ukimwonesha kwamba ndani ya hizo 60,000 mna maji, mlinzi, taka, taa za njiani na akiba ya matengenezo, anakumbuka kwamba aliye nje ya uzio naye analipa maji, mlinzi na taka, ila kwa vipande vipande na kwa ugomvi.

Nilijifunza haya kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilitumwa Upanga kuthamini fleti ya ghorofa ya tatu. Nikapanda ngazi, nikapima vyumba kwa futikamba, nikahesabu madirisha, nikashuka. Mzee mwenye fleti aliposoma ripoti alinipigia simu. Hakugomba. Akasema, "Kijana, umenivua kanzu ukaniacha na fulana." Kumbe chini kulikuwa na nafasi mbili za gari na stoo yenye mlango wa chuma, vyote vimetajwa kwenye hati yake, nami nilizipita kwa miguu yangu mara mbili, kupanda na kushuka. Nilirudi, nikarekebisha, na tangu siku hiyo kwenye jengo la pamoja naanzia getini. Sigusi mlango wa mteja mpaka niwe nimezunguka pampu, paa, shimo la majitaka na chumba cha mita za umeme.

Hao wenzako wanaosema kuishi kwa pamoja ndiko kumewaponza, waambie mambo haya si ya jana. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uwani jiko na choo cha wote, imeijaza Kariakoo na Magomeni kwa vizazi. Hakuna mthamini aliyewahi kuisahau uwani ya nyumba ile, kwa sababu iko ndani ya hati moja na mwenye nyumba ni mmoja. Kilichobadilika kwenu ni karatasi: hati zimekuwa kumi na mbili na uwani imekuwa ya kumi na mbili. Jicho la mthamini lilizoea mwenye nyumba mmoja.

Wenzetu wa mbali walikutana na ukuta huohuo. Denmark walianza mapema, kijiji cha Sættedammen chenye nyumba 27 kilikaliwa mwaka 1972, na mtindo ukavuka bahari hadi Marekani, ambako Muir Commons ya mji wa Davis, California, ilifunguliwa mwaka 1991. Nyumba binafsi hupunguzwa ukubwa kwa makusudi, maana sebule kubwa, chumba cha wageni na jiko la karamu vimehamia kwenye nyumba ya pamoja. Anakuja mthamini na fomu yenye kisanduku cha ukubwa wa nyumba, anaandika ndogo, analinganisha na ndogo nyingine za jirani zisizo na kitu, na bei inaanguka. Dawa waliyoizoea ni ya kawaida sana: kumwandalia bahasha ya taarifa kabla hajafika, na kumtafutia mauzo ya jumuiya nyingine zinazofanana hata kama ziko mji mwingine, ili awe na cha kulinganishia. Kule Marekani sheria inamkataza mtu kumshinikiza mthamini afikie bei fulani, lakini haimkatazi kumpa taarifa wala kumwomba aangalie upya. Kwenu pia shikeni mstari huo. Bahasha ya nyaraka ni msaada. Bahasha ya aina nyingine itamgharimu usajili wake, na nyinyi mtabaki na ripoti ambayo benki haiiamini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nami naliona ndilo zito kuliko ukumbi. Katika katiba ya umoja wenu, uliyoituma pamoja na ripoti, kuna kile kipengele cha saba: anayetaka kuuza awape kwanza wanachama siku 60, na mnunuzi wa nje akubaliwe na theluthi mbili ya kikao. Naelewa mlikiweka kwa nini. Hamkutaka mtu aje afungue baa katikati ya watoto. Lakini kisome kwa macho ya benki. Mkopaji ameshindwa kulipa, benki inataka kupiga mnada. Mshindi wa mnada ataanza kusubiri siku 60, kisha akae mbele ya kikao cha majirani waliokasirika kwa sababu mwenzao ametolewa nje. Nani atapandisha bei katika mnada wa namna hiyo? Mthamini wa benki anaandika thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa kulazimika, na benki huwa inatazama zaidi ile ya pili. Kipengele cha saba kinaikata hiyo ya pili kwa panga.

Hamna haja ya kukifuta. Ongezeni sentensi moja: kwamba masharti hayo hayatamhusu mkopeshaji anayeuza ili kurejesha rehani, wala mtu atakayenunua kwake katika mauzo hayo, ila mnunuzi huyo atafungwa na kanuni za matumizi kama mwanachama mwingine yeyote. Zuieni baa kwa kanuni ya matumizi, msiizuie kwa kumzuia mnunuzi. Mpeni mwanasheria aiandike vizuri, muisajili, na nakala iwe ndani ya bahasha.

Kuna jumuiya zilizoamua kufunga thamani kwa makusudi, na hizo ni habari nyingine. Mjini Voi, Kenya, makazi ya Tanzania-Bondeni yalipopangwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi walichagua ardhi ibaki mikononi mwa chama chao, mtu amiliki nyumba na haki ya kukaa, ili matajiri wasije wakawanunua mmoja mmoja. Kwa mpango ule mtu aliuza alichojenga, ardhi hakuiuza. Mthamini akikuta mpango wa namna hiyo akaongeza bei ya ardhi kama ya kiwanja cha kawaida, amekosea, kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kuipata fedha hiyo. Kanuni ni ileile inayowapa nyinyi haki ya fungu lenu: thaminisha kile ambacho mtu anaweza kukihamishia kwa mwingine, chote, na si zaidi yake.

Na kwa kuwa barua kama yako hunijia pia kutoka Nairobi na Mombasa, niseme kwa kifupi: nyumba nyingi za zamani za uzio mmoja kule zilishikwa kwa mkataba mrefu wa upangishaji pamoja na hisa katika kampuni ya kusimamia mtaa. Sheria ya mali za sehemu ya mwaka 2020 imebadilisha mpango huo. Mthamini wa Kenya aulize kwanza mteja wake yuko upande gani wa mabadiliko hayo, kisha aitafute hisa ile ilikokwenda, maana ndimo eneo la pamoja lilimokuwa.

Turudi Goba. Bahasha yenu isiwe kitabu. Mthamini ana kazi nne siku hiyo na foleni ya Bagamoyo Road inamsubiri. Ukurasa wa kwanza uwe ramani iliyosajiliwa, rangi moja kwa sehemu binafsi, nyingine kwa ya pamoja, na mita zake zimeandikwa juu yake. Nyuma yake ukurasa wa hati unaoonesha fungu. Halafu karatasi moja ya vitu vya pamoja: kitu, mwaka kilipojengwa, kilichogharimu, lini kilifanyiwa matengenezo ya mwisho. Kisima kiwe na cheti cha kupimwa maji na kiasi kinachotoa kwa saa, kwa sababu kisima cha chumvi na kisima cha maji baridi si kisima kimoja. Kisha mahesabu ya umoja ya miaka mitatu: mchango, nani anadaiwa, akiba iliyoko benki. Kama kuna nyumba mbili zimelimbikiza madeni ya mwaka mzima, andikeni hivyo hivyo. Atakuja kuliona, na akiliona mwenyewe atajiuliza mmeficha nini kingine. Mwisho mikataba ya pango na ile ya mauzo yenye bei ya kweli.

Picha za sherehe ya mwaka mpya ziacheni nyumbani. Najua upendo uliopo humo ndani ni mkubwa na pengine ndio uliowafanya mjenge. Mthamini hana safu ya kuuandika. Lakini akiona kwenye mahesabu kwamba kaya kumi na mbili zimelipa mchango kwa wakati miezi 36 mfululizo na pampu ilipokufa ilinunuliwa nyingine kwa siku tatu bila mtu kukopa, huo upendo umeshaandikwa kwa lugha anayoisoma.

Kuhusu ripoti iliyokwisha kutoka, mwenzenu asiandike barua ya malalamiko. Aandike kwa benki, maana benki ndiyo iliyomwagiza mthamini, ukurasa mmoja wenye hoja tatu: kwamba mita 2,640 za ardhi ya pamoja zinazotajwa katika hati hazimo katika ripoti, kwamba ukumbi na kisima havikukaguliwa, na kwamba kuna mauzo mawili ndani ya uzio ambayo hayakutajwa. Aambatanishe bahasha. Asitaje bei anayoitaka. Mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini anajua kwamba ripoti yake inaweza kurudishwa, na kuongeza taarifa iliyokosekana si fedheha kwake. Nimelifanya mwenyewe, Upanga. Benki ikikataa, omba mthamini wa pili kutoka kwenye orodha yao, gharama mtalipa nyinyi. Mkijadiliana vizuri mnaweza kuchangia kutoka mfuko wa umoja, kwa kuwa ripoti nzuri ya nyumba moja itazitetea kumi na moja zilizobaki.

Siku ya ukaguzi awepo mtu mmoja anayejua, asiwepo umati. Watu kumi wakimzunguka mthamini kila mmoja akinong'ona, anaandika haraka ili aondoke. Mumwanzishe getini, mumpitishe kwenye pampu iwashwe aione ikivuta, apande aone paa la ukumbi kwa ndani, aishie kwenye nyumba inayoombewa mkopo. Saa moja inatosha. Maji ya kunywa mpeni, pilau mwacheni. Na ule ufunguo wa ukumbi utengenezeni wa pili, ukae kwako wewe katibu.